Sufu Isiozee Zizini

Na Nyambura Gathogo

Kaunti ya Nyandarua ina baridi, viazi na kondoo. Kondoo utawakuta kando ya barabara ya Njabini, kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, hata nyuma ya kanisa. Lakini ukimuuliza mwenye kondoo manyoya huenda wapi, atakwambia hutupwa, au humwachia dalali kwa bei isiyomlipa hata mnyoaji. Hilo linaniudhi, na limeniudhi zaidi tangu nilipoona yanayofanyika nyumbani kwa shemeji yangu huko Kinangop.

Walianza na kondoo wachache, wawe akiba ya karo. Leo nyumba nzima imenogewa. Kijana wao wa gredi ya saba hukagua kundi kabla ya kwenda shule. Humshika kondoo kidevu, akamfunua ukope wa chini kwa kidole gumba na kutazama rangi ya ndani. Ikiwa nyekundu, mnyama ana damu ya kutosha. Ikiwa imepauka, huenda minyoo imemnyonya na hapo hupewa dawa. Baba yake hushughulikia kwato, ambazo huoza upesi katika matope yetu. Sufu ni ya nyanya, na hapo hakuna wa kumwingilia.

Nyanya huiloweka kwenye karai la maji ya moto yenye sabuni, kisha huiacha itulie. Haifikichi, wala haitoi kwenye maji ya moto akaitia ghafla kwenye baridi, kwa sababu itajishika iwe donge lisilofunguka tena. Maji hutoka meusi, yameelea mafuta ya kondoo, na mikono yake hubaki laini. Sufu ikikauka huichana kwa vibao viwili vyenye meno ya waya mpaka nyuzi zilale upande mmoja, ndipo wajukuu wanaposogea wakigombania zamu ya kusokota.

Kuosha huko huondoa theluthi ya uzito, pengine hata nusu. Dalali analijua hilo, kwa hiyo sufu chafu huinunua kama takataka. Mfugaji anayeuza uzi, au sweta, hana haja ya kumbembeleza.

Nyanda hizi zina historia na sufu. Mwanzoni mwa karne iliyopita mlowezi Lord Delamere alileta kondoo wa Merino Njoro, wakafa kwa wingi, kwa kuwa malisho yale yalikosa madini na wakati huo hakuna aliyejua. Baadaye walowezi walifuga pia Corriedale, mchanganyiko wa Merino na Lincoln uliotokea New Zealand na Australia. Mashamba yaligawiwa wananchi baada ya Uhuru, na mbegu ile ikabaki. Kwa shemeji yangu chumvi ya madini haikosekani zizini. Angalau funzo la Njoro halikupotea.

Simwahidi mtu utajiri. Tuliyaona ya biashara ya kufuga kware mwaka 2014, watu wakauza ng'ombe wakanunua vizimba, kisha soko likaporomoka. Uzi wa kiwandani ni rahisi kuliko sufu, na sweta ya sufu itakugharimu zaidi. Lakini huvaliwa miaka mingi, nayo huhifadhi joto hata ikilowa manyunyu ya asubuhi. Nanyuki kuna kikundi cha akina mama kilichoanzishwa 1977 kupitia kanisa la PCEA, na kimesomesha watoto kwa kusokota na kufuma sufu. Soko lipo kwa anayelifikia akiwa na kitu kilichokamilika.

Kinachokosekana ni vitu vidogo sana. Vijana wanaojua kunyoa bila kumchubua mnyama ni wachache, na kondoo dume wa mbegu safi wa sufu ni adimu. Serikali ya kaunti inaweza kufundisha wanyoaji wawili watatu kila wadi na kuweka madume katika kila eneo bila kusubiri mfadhili. Kondoo hunyolewa wakati wa jua, asije akapigwa na baridi akiwa uchi, kwa hiyo mafunzo hayo yafanyike kabla ya kiangazi kijacho. Nawe msomaji, utakapomnunulia mtoto sweta safari ijayo, ulizia kwanza iliyofumwa kwa sufu ya hapa.