KIRUNGU KIKUBWA KWENYE BUNDUKI: KAZI AU SHOO TU?

Wadau, kuna hawa mastaa wa video za shabaha kule Marekani, majina nayahifadhi. Kila bunduki ya bolti wanayoposti imebadilishwa kile kirungu cha kiwandani, imewekwa kingine kinene kama ndimu. Watu wanamwaga moto tu. Mi nauliza, kinasaidia kweli?

Ukweli usemwe, kinasaidia kidogo. Ukiwa umevaa glovu au mikono ina jasho, kirungu kinene unakidaka fasta. Kwenye Remington 700, ukinyanyua mkono wa bolti ndo unaibana springi ya pini inayogonga risasi, kwa hiyo mshiko mzuri una raha yake. Ila kinachofanya bolti iwe nyepesi ni urefu wa ule mkono, sio unene wa kirungu.

Tena kikizidi ukubwa, vidole vinagonga darubini. Na Remington 700 ya kawaida kirungu chake hakifunguki, mpaka fundi akate chuma achonge hesi. Akilipua kazi, kinakulegea wakati mnyama uliyemjeruhi anakimbilia porini kuteseka.

Halafu cheki hii. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wanajeshi wa Uingereza na Lee-Enfield zao walitakiwa kupiga shabaha risasi 15 ndani ya dakika moja, yadi 300. Kirungu kilekile cha kiwandani! Siri ilikuwa mazoezi.

Kwa hiyo anayeanza asidanganywe na picha. Hela hiyo anunue risasi, aende uwanja wa shabaha. We unaonaje mdau? Tiririka hapo chini.