Tugatue Hifadhi za Fasihi Yetu

Nilipoanza uzamili, nilirekodi nyimbo za arusi kutoka kwa mabibi wanane wa Lamu. Sauti zao zote niliziweka katika diski moja ya tarakilishi. Diski ilipoharibika zilipotea zote, na wawili kati ya mabibi hao walikuwa wamekwisha kufariki.

Aghalabu tunaambiwa kwamba dawa ni seva ya chuo. Sikubaliani. Seva moja ni diski ile ile iliyovishwa joho la mahafali. Moto uliounguza Maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town, Aprili 2021, haukuuliza hadhi ya chuo.

Wazee wetu walilitambua jambo hili bila umeme. Al-Inkishafi imetufikia kwa kuwa ilinakiliwa na mikono mingi, nakala hii nyumba hii na ile nyumba ile. Mitandao gatuzi ya kuhifadhi data hufuata mantiki iyo hiyo. Katika LOCKSS, mfumo ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka wa 1999, kila maktaba huwa na mashine yake yenye nakala. Mashine hizo hulinganisha nakala zao mara kwa mara, na iliyoharibika hurekebishwa kutokana na zile nzima.

IPFS, iliyozinduliwa mwaka wa 2015, ina jambo la kutuvutia sisi wanafasihi hasa. Faili haitambulishwi kwa mahali ilipo, bali kwa alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Ukibadilisha herufi moja, alama nayo hubadilika. Tunaosumbuliwa na tofauti za miswada tunajua thamani ya hilo: mhakiki akiitaja alama katika tasnifu yake, msomaji hatakuwa na shaka ni nakala ipi iliyohakikiwa.

Fauka ya hayo, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini Mei 2024, mtandao ulizorota Afrika Mashariki nzima. Aliye na nakala katika maktaba ya chuo chake hasubiri meli ya mafundi.

Hata hivyo, tusidanganywe kwamba mitandao hii haisahau. Faili ya IPFS isiyo na wa kuishikilia hutoweka. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kinyume chake: kilichokwisha kusambazwa hakirudishwi. Nyimbo za jando na unyago hazikukusudiwa kila sikio, na fanani ana haki ya kubadili nia. Hizo zibaki kwenye mitandao ya ndani ya maktaba zinazoaminiana, hata kama wapenzi wa uwazi watanuna.

Idara nne au tano za Kiswahili zingeweza kuanza, kila moja kwa tarakilishi moja ya kawaida, wakitangulizwa wasanii waliotoa idhini kwa maandishi. Mimi ninarudi Lamu Desemba kwa mabibi sita waliosalia. Natafuta vyuo vitatu vya kuniwekea nakala.