BANDAMA NA KONGOSHO: MUULIZE MCHUMBA WAKO

Kila mwezi tunaongelea moyo: umependa, umeumia. Leo tushuke kidogo, kushoto, chini ya mbavu. Pale wanakaa majirani wawili ambao wachumba wengi hawajawahi kuwataja.

Jirani wa kwanza ni kongosho. Limelala nyuma ya mfuko wa chakula, urefu kama sentimita 15, na mkia wake unagusa bandama. Linatoa maji ya kusaga chakula, pia insulini inayoingiza sukari kwenye seli za mwili. Wale wa kila Ijumaa hadi alfajiri mjue kwamba pombe nyingi hulivimbisha, na maumivu yake hupenya mpaka mgongoni.

Wa pili ndiyo bandama lenyewe, au wengu. Ukubwa wake ni kama ngumi. Linachuja damu, linaondoa chembe nyekundu zilizozeeka (huishi siku kama 120) na linasaidia kupambana na vijidudu.

Nikiwa ukweni Nyambureti, wilayani Serengeti, bibi mmoja aliniambia kuwa zamani mtoto akivimba upande huo alichanjwa chale. Nilimwelewa. Kanda ya Ziwa ina malaria, na malaria huvimbisha bandama. Lakini kuna mwingine anayelivimbisha: selimundu. Chembe za damu zinajipinda kama mundu, zinakwama ndani ya bandama, linajaa ghafla. Mtoto anapauka, analegea, na anaweza kufariki ndani ya saa chache. Hapo chale haisaidii jamani, ni kukimbilia hospitali aongezewe damu.

Sasa wewe na mwenzio mnahusikaje? Mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu kwa kawaida haumwi, tena kinamkinga na malaria kali. Ndiyo maana kimeenea sana huku kwetu. Mnaweza kuwa nacho wote wawili, mnapendeza, mnacheza muziki, hamjui. Mkioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wa namna hiyo zaidi ya 11,000 kila mwaka.

“Tukikutwa nacho wote, tuachane?” Siyo lazima, huo ni uamuzi wenu. Ila mkijua mapema, mtoto atapimwa akiwa mchanga, atapewa penisilini kila siku mpaka afike miaka 5, na nyie mtafundishwa kumpapasa bandama nyumbani. Nimesema nyie, baba naye awemo! Kuna kina baba wanaolaumu ukoo wa mke, wakati kinasaba kimoja kimetoka kwao.

Mnapokwenda kupima ukimwi kabla ya ndoa, ombeni na kipimo cha selimundu. Ni damu kidogo tu. Ukumbi na keki vitasubiri.

Tukutane mwezi ujao. Mpende, umpime!