Maji Yakichemka, Punguza Moto

Leo hebu tuingie jikoni. Sufuria iko juu ya stovu, maji yanatokota hadi kifuniko kinachezacheza. Je, ukizidisha moto, maji hayo yatakuwa moto zaidi? Wengi watajibu ndiyo. Jibu ni la, na familia nyingi huchoma pesa kila siku kwa kutojua hivyo.

Maji yameundwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ziitwazo molekuli. Katika maji baridi chembe hizi hushikana huku zikitelezeana. Ukiyapasha moto, huanza kwenda mbio na kugongana. Vile viputo vidogo unavyoviona kwanza ubavuni mwa sufuria si mvuke, bali ni hewa iliyokuwa ndani ya maji ambayo sasa inafukuzwa na joto. Baadaye mapovu makubwa hutoka chini na kupasukia juu. Huo ndio mvuke: molekuli zilizopata nguvu za kujinasua kutoka kwa wenzake. Lita moja ya maji ikigeuka yote kuwa mvuke, huhitaji nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ndiyo sababu kifuniko hurushwa.

Maji yakishafika hapo, joto unaloongeza haliyafanyi yawe moto zaidi. Lote huishia katika kazi ya kuzinasua molekuli. Na kazi hiyo ni kubwa! Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji joto karibu mara saba ya lile lililoyatoa maji hayo kwenye ubaridi wa mfereji hadi yakachemka. Kwa hivyo, moto mkali chini ya sufuria inayotokota haukuivishii maharagwe upesi. Unakumalizia maji, gesi na makaa tu. Funika sufuria, punguza moto, maji yaendelee kuchemka polepole. Chakula kitaiva kwa wakati ule ule.

Pengine una jamaa Mombasa ambaye maharagwe yake huiva mapema kuliko yako ya Nairobi. Si uchawi. Hewa iliyo juu yetu huyakandamiza maji na kuyazuia yasigeuke mvuke upesi. Kule pwani, maji huchemka yakifika nyuzi 100 za sentigredi. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Sufuria ya presha hutatua tatizo hili kwa kuufungia mvuke ndani, hata joto likafika karibu nyuzi 120.

Je, nyuzi 94 zinatosha kuua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo? Zinatosha kabisa. Maji ya kunywa yakishachemka kwelikweli kwa dakika moja, yaepue. Wanaoishi mahali palipo juu ya mita 2,000, kama vile Nyahururu, wayaache dakika tatu. Hakuna haja ya kuyachemsha robo saa nzima.

Sasa neno la tahadhari kwa wazazi. Tazama mdomo wa birika inayochemka. Hapo karibu kabisa na mdomo utaona pengo, kana kwamba hapana kitu. Wingu jeupe huanza mbele kidogo. Wingu hilo ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa. Mvuke wenyewe umo katika lile pengo, nao hauonekani. Ukigusa ngozi hurudi kuwa maji, na lile joto lote lililotumika kuuumba huachiliwa papo hapo juu ya ngozi. Ndiyo maana mvuke huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka.

Kwa hivyo, unapofunua sufuria, inua kwanza upande ulio mbali nawe, na watoto wakae kando. Mtu akiungua, weka mahali hapo chini ya maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta ya kupikia. Jeraha likiwa kubwa, au aliyeungua akiwa mtoto mdogo, mpeleke hospitali mara moja.

Basi jioni ya leo maji yakianza kutokota, kumbuka: haba na haba hujaza kibaba. Punguza moto.