Injini Ikigonga, Usiongeze Sauti ya Redio

Ukisimama kando ya barabara pale Nyahanga, mjini Kahama, utayaona malori yaendayo Rwanda na Burundi, mabasi ya Geita, na mara moja moja gari la michezo la mtu aliyebahatika katika dhahabu au mpunga. Gari hilo ni fahari ya mwenyewe. Lakini ndani ya injini yake mna vipande vyembamba ambavyo yeye hajapata kuviona, navyo ndivyo viamuavyo kama fahari hiyo itadumu. Hizo ndizo beringi za krenki.

Beringi hizi si zile za magurudumu zenye gololi. Kila moja ni vipande viwili vya nusu duara: mgongo wa chuma, uso wa madini laini. Injini izungukapo, krenki huelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikatika, uso laini huliwa ili krenki ipone, kwani bei ya krenki si mwenzi wa bei ya beringi.

Hata magari ya fahari ulimwenguni hayakuepuka dhiki hii. BMW M3 yenye silinda nane, iliyoanza kutoka mwaka 2007, injini yake huzunguka zaidi ya mara 8,000 kwa dakika, nayo inafahamika kwa beringi za fimbo za pistoni zinazochakaa mapema. Wenye magari hayo wengi hawangoji mlio. Huzibadilisha injini ikiwa bado nzima.

Basi, usikiapo mgongo kutoka chini ya injini, unaozidi ukanyagapo mafuta, au taa ya oili ikiwaka, zima injini papo hapo. Lifungiwe kamba, livutwe.

Ukifika kwa fundi, shikilia mambo matatu. Kwanza, krenki ipimwe kwa maikromita. Ikiwa imechimbika, ichongwe, kisha zitiwe beringi za saizi inayolingana, kama 0.25 au 0.50 ya milimita. Ukishauriwa kuweka kipande cha bati nyuma ya beringi ili kuondoa mlegeo, kataa. Pili, kila kifuniko kirudi kwenye fimbo yake na upande wake ule ule, na nati zikazwe kwa spana yenye kipimo, maana mkono hauna mizani. Tatu, usafi: kazi hii haifanywi uwanjani katika upepo wa kiangazi, kwani chembe moja ya mchanga yatosha kuharibu yote. Mwishowe, injini izungushwe bila kuwashwa mpaka oili ipande.

Najua mama wa nyumba atauliza, na ana haki ya kuuliza: kwa nini fedha ya ada ya watoto iende kufungua injini ambayo bado inatembea? Jibu ni hili: fimbo ikikatika hutoboa ubavu wa injini, na hapo hamtanunua beringi tena, bali injini nzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ikiwa nyumba haiwezi hata kulinunulia gari oili kwa wakati wake, heri liuzwe leo likiwa linanguruma, kuliko kesho kwa bei ya chuma chakavu.