Mzigo Ukirudi, Nani Alipe?



Biashara ya simu imekwisha kuingia vijijini mwetu. Mama wa Narung'ombe hubangua korosho, huzikaanga, huzipiga picha na kuzionyesha kwa WhatsApp au Instagram. Mnunuzi wa Dar es Salaam huagiza, akiahidi kulipa atakapoupokea mzigo. Tunaifurahia hatua hii, kwa maana imempa mnyonge soko ambalo baba zetu hawakulijua. Lakini ndani yake imejificha dhuluma ambayo hatuna budi kuisema: mzigo unapokataliwa na kurudishwa, gharama yote humwangukia yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Tuchukue mfano. Tuseme mama huyo ametuma kilo tano, na akiisha kutoa gharama za korosho, mkaa na mifuko, anatarajia kubakiwa na Sh 20,000. Bodaboda hadi stendi ya Ruangwa ni Sh 5,000. Basi la kwenda Dar es Salaam latoza Sh 6,000. Basi, faida yake halisi ni Sh 9,000. Mzigo ufikapo, mnunuzi asema amekwisha kupata kwingine. Kuurudisha kwagharimu Sh 11,000 nyingine. Mama amepoteza Sh 22,000, na korosho zimerudi zimelegea. Faida ya mizigo miwili haitoshi kumfidia. Sharti auze na wa tatu ndipo arudi pale alipokuwa. Mnunuzi hakupoteza hata senti moja.

Wako watakaosema: ndiyo biashara, mbona alikubali mwenyewe? Ndugu zangu, Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ya mshahara hayawi ya haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana, iwapo mmoja amekubali kwa kusukumwa na dhiki. Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio ya mwaka 1967, aliyapanua mafundisho hayo hadi kwenye biashara baina ya mataifa. Twaona kwamba kipimo hicho chafaa pia kwa biashara ya kijiji na mji. Anayekubali masharti yoyote kwa kuogopa korosho zake zisimwozee hakukubali kwa hiari kamili.

Tusimwonee mnunuzi. Wako wauzaji wanaochanganya korosho mbovu na nzuri, au kupunguza uzito. Huyo akirudishiwa mzigo amejitakia, na gharama ni zake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, yasema kwamba mnunuzi aliyekataa bidhaa kwa haki halazimiki kuirudisha. Yatosha amjulishe muuzaji kuwa ameikataa. Aidha, mnunuzi akikataa isivyo haki, muuzaji anaweza kumdai fidia mahakamani. Lakini ni nani atakayesafiri mamia ya kilomita kudai Sh 22,000? Haki ambayo kuidai kwagharimu kuliko deni lenyewe, kwa maskini ni kama haipo.

Wenzetu wa nchi nyingine wameliwekea jambo hili kanuni. Katika Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2011, mlaji aliyenunua kwa mbali aweza kubadili nia ndani ya siku 14 bila kueleza sababu. Lakini nauli ya kurudisha ni yake, isipokuwa muuzaji amekubali kuibeba au hakumjulisha mapema. Masoko makubwa ya mtandao huandika masharti yao ya kurudisha bidhaa. Kwetu, kampuni ya Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019, na wauzaji wadogo wengi huuziana kwa simu bila sharti lolote lililoandikwa. Pasipo sharti, mwenye nguvu ndiye sharti.

Msimamo wetu ni huu: aliyesababisha mzigo urudi, ndiye alipe. Bidhaa ikiwa mbovu, alipe muuzaji. Mnunuzi akibadili nia, alipe mnunuzi. Ikiharibikia njiani, alipe msafirishaji aliyeipokea ikiwa nzima. Ili jambo hili liwezekane, wauzaji wapige picha ya mzigo ukiwa kwenye mizani, watunze stakabadhi ya basi, waandike masharti kabla ya kutuma, na wadai malipo ya awali yanayotosha nauli ya kwenda na kurudi. Mmoja akidai peke yake atakimbiwa na wateja. Wakidai wote kwa pamoja, itakuwa desturi. Hapo ndipo viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na vikundi vya akina mama wana kazi ya kufanya.

Wazee wa Narung'ombe wanajua habari ya mizigo. Mwezi Julai 1917 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana hapa, na katika vita vile Waafrika wengi mno walitwishwa shehena za ugomvi usio wao. Wengi hawakurudi makwao. Nasi tulio na simu mikononi tusiwe watu wa kuwatwisha wengine. Kabla ya kuandika neno "nirudishie", kila mmoja wetu ajiulize: nauli hii inatoka mfukoni mwa nani?