Maneno Pacha, Maana Mbali: Istilahi za Haki za Binadamu kutoka Kirusi hadi Kiingereza

Tarehe 18 Oktoba 1991, miezi miwili hivi kabla ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, ilipitishwa nchini Urusi sheria kuhusu 'reabilitatsiya' ya wahanga wa ukandamizaji wa kisiasa. Aghalabu wafasiri wa Kiingereza hulitafsiri neno hilo kwa pacha wake, 'rehabilitation'. Kwa mtazamo wa juujuu huo ni uaminifu, maana maneno yote mawili yana asili moja ya Kilatini. Lakini msomaji wa kawaida wa Kiingereza alionapo neno hilo humfikiria mhalifu anayerekebishwa tabia, mlevi anayesaidiwa kuacha ulevi, au majeruhi anayefunzwa upya kutembea. Kasoro imo ndani ya mtu mwenyewe. Katika sheria ya Kirusi mambo ni kinyume kabisa: mtu hakuwa na kosa, mkosaji ni dola iliyomhukumu, na 'reabilitatsiya' ni tamko kwamba hukumu imefutwa na jina limesafishwa. Wengi waliosafishwa hivyo walikuwa wamekwisha kupigwa risasi tangu miaka ya 1937 na 1938, na maiti harekebishwi tabia.

Yaweza kujibiwa kwamba wanahistoria wa Urusi waandikao kwa Kiingereza wamekwisha kuizoea maana hiyo. Ni kweli, ila tafsiri ya sheria haiandikwi kwa ajili ya wanahistoria peke yao.

Istilahi 'inostranny agent' ina hila zaidi. Sheria ya mwaka 2012 iliyataka mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyopokea fedha za kigeni na kushiriki katika kile kilichoitwa shughuli za kisiasa yajiandikishe kwa jina hilo. Watetezi wake walidai kwamba Marekani inayo sheria ya jina hilo tangu 1938. Hapo ndipo tafsiri ya neno kwa neno inapoifaidia serikali. Katika Kiingereza cha kisheria 'agent' ni wakala, mtu atendaye kwa niaba ya mwingine. Kirusi nacho kina mawakala wa biashara, lakini neno hilo likiambatanishwa na ugeni, aliyelelewa katika enzi ya Kisovieti husikia jasusi na msaliti. Isitoshe, sheria ya Kirusi haikudai ithibitishwe kwamba shirika lilitumwa na mtu yeyote. Na ile ya mwaka 2022 iliondoa hata sharti la fedha, ikatosheka na kuwa chini ya 'athari ya kigeni'. Athari za jina hilo si za kinadharia. Tarehe 28 Desemba 2021 Mahakama ya Juu ya Urusi iliamuru shirika la Memorial livunjwe, hoja kuu ikiwa kwamba halikuziwekea baadhi ya kazi zake alama hiyo.

Je, mfasiri aandike 'jasusi'? La, kwani atakuwa ameitungia sheria maneno isiyokuwa nayo. Hana budi kuliacha jina la kisheria lilivyo, kisha alifafanue mara ya kwanza linapotokea, ndani ya matini yenyewe. Tanbihi hurukwa.

Neno 'pravozashchitnik' lina tatizo dogo zaidi. 'Pravo' ni sheria na ni haki kwa pamoja, kama vile 'haki' ya Kiswahili ilivyo stahili ya mtu na uadilifu pia. Kiingereza huvitenga vitu hivyo. Wafasiri wengi huandika 'activist', yaani mwanaharakati, na upande wa sheria ukapotea. Waliokusanyika katika Uwanja wa Pushkin, Moscow, tarehe 5 Desemba 1965 hawakudai utaratibu mpya wa nchi. Walidai kwamba waandishi wawili waliokamatwa wahukumiwe hadharani, na kwamba katiba iliyokuwapo iheshimiwe. Kwa watu wa aina hiyo 'defender', neno lililopata nguvu baada ya Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1998 kuhusu watetezi wa haki za binadamu, lina uzito unaostahili.